Corolla ya shemeji: upepo tumetoa mara nne na pedeli bado laini

Hii habari ya breki za gari ya shemeji nimeulizwa barazani mara nyingi mno, na kila nikianza kueleza kahawa inakuja, mtu anaondoka na ile nusu anayoitaka yeye, kuna mmoja keshaanza kutafuta masta silinda (ile pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ya gari yake kwa kunisikia vibaya. Kwaiyo naandika yote kuanzia mwanzo, pamoja na pale nilipochemka mimi mwenyewe maana na mimi nilipoteza siku nzima.

Gari ni ya shemeji, mume wa dada angu, wanakaa Muheza. Corolla 110, mbele diski nyuma dramu, haina ABS (ule mfumo wa kompyuta unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki), yani gari rahisi ambayo mtu mwenye spana chache na akili timamu anaweza kuishika nyumbani. Shemeji alipanda Lushoto msibani na watu wanne wengine, na kurudi akaishusha ile barabara ya Lushoto kuja Mombo kupitia Soni mguu uko juu ya breki njia nzima. Anaeijua ile barabara anajua, kona juu ya kona kilomita thelathini na kitu, unateremka karibu mita 1,000, watu wanashuka na gia nzito na breki wanagusa tu kwenye kona. Yeye ameweka D katulia, anapiga stori za msiba. Kufika Mombo harufu ya kuungua imejaa ndani ya gari na pedeli imelegea inaenda mpaka karibu na kapeti. Akapaki, akanywa chai, akala mahindi, baada ya kama nusu saa pedeli ikarudi ngumu akaendelea na safari kama hakuna kilichotokea.

Shikilia hapo kidogo maana hii ndo sehemu iliyotupoteza wote baadae. Kilichomtokea Mombo ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani, mapya ya DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kama asilimia 3.7 hivi kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa makavu na 155 yakishalowa. Sasa sisi tunakaa pwani, hewa yenyewe ukikaa nje usiku shati linalowa, na shemeji tangu anunue ile gari hajawahi kubadilisha mafuta ya breki, anaongeza tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedeli inazama. Yakipoa mvuke unarudi kuwa maji na pedeli inarudi. Ukiona pedeli ilipotea mlimani ikarudi yenyewe baada ya chai, hilo ndo jibu lake.

Wiki iliyofuata akaona unyevu upande wa ndani wa tairi za mbele, kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) zimeanza kuvuja, ule moto ulimaliza mipira ambayo tayari ilikuwa imechoka. Akapeleka gereji moja hapo kwao, wakafungua kalipa zote mbili, wakaweka ripea kiti yani mipira mipya, wakarudishia, wakatoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Kuvuja kukaisha. Ila pedeli kuanzia siku ile ikawa laini, ukikanyaga ni kama umekanyaga mto wa kulalia. Akarudi, wakatoa upepo mara ya pili, bado. Fundi akamwambia masta silinda imekufa, tafuta nyingine. Shemeji akanipigia simu usiku, "shemeji we si ulifungua ya kwako mwenyewe mwaka juzi, hebu niangalizie kabla sijatoa hela". Nikamwambia mlete na dogo Jumamosi, tutahitaji mtu wa kukanyaga.

Akaja nayo akiendesha. Kilomita 35 hivi kutoka Muheza mpaka hapa Tanga na breki za kubahatisha, malori ya Horohoro na mabasi yote barabara hiyohiyo. Nilimsema mbele ya mwanae na sijutii. Gari isiyo na breki inavutwa au fundi anaifuata, haiendeshwi polepole, polepole haisimamishi gari mtoto akikatiza pale Pongwe.

Haya. Jumamosi saa mbili asubuhi uani kwangu Makorora. Tairi nimeziba mawe, jeki pamoja na stendi mbili za chuma, maana jeki peke yake sio kitu cha kuweka kichwa chini yake, nimeona jeki ikishuka taratibu kama mtu anaesinzia. Nina ringi spana namba 8 na namba 10, nyuma ilikuwa inataka 8 na mbele 10, nina mpira mweupe wa kuonea ndani, chupa ya maji ya nusu lita yenye mafuta ya breki kidogo chini ili mpira uzame mule, na chupa nne mpya za DOT 3 zenye lakiri. Chupa iliyofunguliwa ikakaa stoo miezi haina maana tena, ishakunywa hewa ya Tanga.

Kwa asiejua namna ya kutoa upepo watu wawili, iko hivi. Mmoja anakaa kwenye siti anakanyaga pedeli taratibu mara tatu nne, ya mwisho anaishikilia. Wa chini anafungua nipo (kile kikoki kidogo cha kutolea upepo kwenye kila breki) robo mzunguko, mafuta na upepo vinatoka kupitia mpira, pedeli inazama, wa juu HAACHII, wa chini anafunga, ndo wa juu anaachia. Ukichanganya mwisho huo, yani akaachia kabla nipo haijafungwa, umevuta upepo au mafuta machafu kurudi ndani na kazi yote ya nyuma umeifuta. Kwaiyo mnaongea kwa sauti. Mimi: "Shika!" Dogo: "Nimeshika mjomba!" Mimi nafungua, nafunga, "Achia!" Majirani walidhani tunavua jarife.

Unaanza na tairi iliyo mbali zaidi na masta. Kwa gari zetu za usukani kulia masta iko kulia, kwaiyo nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, unamalizia mbele kulia. Na kila baada ya kanyaga tano sita unaangalia kikopo cha mafuta kule juu, kikikauka tu masta inavuta upepo na mnaanza upya. Kingine, chini ya pedeli niliweka kipande cha mbao isizame mpaka mwisho. Masta ya zamani ile sehemu ya ndani ambayo pistoni haifiki siku zote inakuwa na kutu na takataka, ukiilazimisha ifike huko mipira inachanika, halafu unasema masta imekufa na kweli umeiua wewe.

Nipo ya nyuma kushoto iligoma. Chumvi ya bahari hii jamani, hata Muheza inawafata. Nikapuliza dawa ya kutu, nikaigonga gonga kidogo na nyundo ndogo, nikaenda kunywa chai, nikarudi ikakubali, ila kichwa chake kimeanza kuviringika. Ukitumia spana ya mdomo wazi hapo umekwisha, weka ringi ya pembe sita inayobana vizuri.

Yakatoka mafuta meusi kama kahawa ya mkaa. Nyuma zote mbili tukapitisha mpaka yakawa mepesi ya rangi ya chai ya rangi. Mbele kushoto, vitone viwili vitatu vya povu mwanzoni kisha safi kabisa. Mbele kulia hivyohivyo. Chupa mbili zimekwisha, nikashusha, nikakaa kwenye siti kwa mbwembwe, nikakanyaga. Mto wa kulalia.

Tukarudia yote. Saa saba mchana, jua la Tanga kichwani, chupa ya tatu. Mafuta yanatoka safi kama maji ya kisima, hakuna hata povu moja. Nikakanyaga, laini vilevile. Hiyo sasa ni mara ya nne kwa gari ile, mbili za gereji na mbili zangu, na shemeji kaanza kuniangalia kwa huruma. "Labda fundi alisema kweli shemeji, ni masta." Na mimi nilikuwa nimeanza kuamini, sisemi uongo.

Kilichonizuia ni kwamba masta iliyokufa ina tabia yake na hii haikuwa nayo. Nikamwambia dogo akanyage mara tatu za haraka, pedeli ikapanda, ikawa karibu ya kawaida. "Usiachie, kaza mguu." Tukasubiri dakika nzima kwa saa ya simu. Haikushuka hata ukucha. Masta iliyochoka mipira ya ndani, au mfumo unaovuja, pedeli inazama taratibu chini ya mguu huku umeishikilia. Hii haikuzama. Akaachia, tukakaa kidogo, akakanyaga tena, laini. Yani ukipampu inapanda, ukiiacha inarudi ulaini.

Hiyo tabia inaweza kuwa vitu viwili. Moja ni breki za nyuma kulegea, shuu (vile vipande vinavyotanuka kukamata dramu kwa ndani) ziko mbali na dramu mpaka kanyaga ya kwanza yote inaishia kuzisogeza. Hiyo unaijua kwa kuvuta hendibreki mpaka juu kisha ukanyage, hendibreki inakuwa imeshazisogeza shuu, pedeli ikipanda juu ghafla basi tatizo ni marekebisho ya nyuma. Tukafanya, hakuna tofauti. Ya pili ni upepo. Upepo upi sasa na nimeutoa mara mbili kwa mikono yangu nikaona mpaka povu limeisha?

Kuna kipimo kingine sikipendi sana ila nilikitumia. Ile hozi ya mpira inayoenda kwenye tairi unaibana kwa klempu na vipande viwili vya mbao laini vilivyochongwa mviringo, taratibu, mafuta yasipite. Hozi ikiwa nzee ina nyufa usithubutu, utaimaliza kwa ndani. Hizi zilikuwa nzima. Nikabana za mbele zote mbili, dogo akakanyaga, akapiga kelele "mjomba imekuwa jiwe!" Nikaachia ya kulia, ikalainika nusu. Nikaachia na ya kushoto, mto. Nyuma ikawa salama na masta ikawa salama kabisa, maana ingekuwa mbovu isingekuwa jiwe. Tatizo liko kwenye kalipa za mbele, zote mbili, sawasawa.

Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza nini kiliguswa mbele. Mimi nikafungua chupa ya mwisho nikatoa upepo mbele tena. Kisha nikaacha nipo ya kulia wazi idondoke yenyewe kwenye chupa wakati tunakula, nilisikia kuwa kudondosha kunatoa upepo mkaidi. Tumekula bada na samaki wa kupaka, tumerudi, chupa ina mafuta safi yasiyo na povu na pedeli iko palepale.

Alasiri ndo akapita bamdogo. Bamdogo alifanya kazi reli hapa Tanga miaka mingi, kastaafu, gari ndogo hana habari nazo, hata leseni hana. Dogo akampa shikamoo babu, shemeji akamwekea kiti, akaanza kuelezwa. Shemeji anaeleza kwa lugha yake, "bamdogo gari imekata upepo". Bamdogo akacheka. Kwenye treni, anasema, upepo ndo breki yenyewe, bomba linapita chini ya mabehewa yote lina upepo uliojaa, upepo ukipungua breki zinakamata. Na mabasi makubwa na malori ndo hivyohivyo, ndo maana utasikia basi limekata upepo limegoma kuondoka, breki zimejifunga. "Sasa nyie kigari chenu kinaumwa upepo gani, mnautia au mnautoa?" Nikamwambia huku kwetu breki ni mafuta, upepo ni adui, tunautoa.

Akauliza unautoa wapi. Nikamwonyesha nipo ya mbele kulia.

Akainama, akachungulia, akarudi kukaa. "Na upepo unakaa juu au chini?"

"Juu bamdogo."

"Sasa mbona tundu lako liko chini?"

Wallahi nilikaa kimya kama nimemwagiwa maji. Nipo iko chini ya kalipa. Nikaenda upande wa kushoto, chini. Zote mbili ziko chini, zimelingana vizuri, ndo maana jicho halikushtuka. Ingekuwa moja juu moja chini ningeona toka asubuhi, ila ukikuta kulia na kushoto viko sawa unaona vimekaa sawa. Ng'ambo ya barabara kuna jirani ana Corolla kama ile, tukamwomba tuchungulie, akageuza usukani mpaka mwisho, nipo iko juu kule, hozi inaingia chini yake.

Gereji walipozifungua kalipa zote mbili kwa pamoja waliziweka mezani, wakazisafisha, wakaweka mipira, na wakati wa kurudisha ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto ikaenda kulia. Zinaingia vizuri tu, bolti zinakaa, pedi zinakaa, gari inatembea na inasimama kwa namna yake. Tofauti ni kwamba zimepinduka, nipo iliyotakiwa kuwa juu kabisa imekuwa chini kabisa. Na dalili ilikuwepo nyingine ambayo niliiona asubuhi nikaipita, hozi zilikuwa zimejikunja kidogo kama mtu kavaa ndala mguu sio wake.

Hebu fikiria ndoo ya kunawa mikono kwenye shughuli, ile yenye koki chini. Fungua koki, yanatoka maji. Hayatoki na upepo hata siku moja, ingawa juu ndani ya ndoo kumejaa upepo. Unaweza kumimina maji juu na kuyatoa chini mpaka kesho. Ndivyo kalipa ilivyokuwa, mafuta mapya yanaingia, mafuta mapya yanatoka kwenye nipo kule chini, na juu ya pistoni kuna kibonge cha upepo kimestarehe hakina habari. Mafuta yaliyokuwa yanatoka safi bila povu yalikuwa yanasema kweli kuhusu mafuta ya pale chini tu. Mimi nikasoma kwamba kalipa nzima imesafika. Fundi nae akasoma hivyohivyo, akaona upepo umeisha, kwaiyo kilichobaki ni masta. Sote wawili tulitoka kwenye uongo uleule, yeye akaishia masta mimi nikaishia kuongeza chupa.

Watu wengine hawaamini kibonge kidogo kinaweza kuharibu breki kiasi kile, kwaiyo tupige hesabu. Tuseme masta ina kipenyo cha milimita 20. Ukiikanyaga mpaka itembee sentimita 3 nzima imesukuma kama sentimita za ujazo 9 na nusu tu, hazifiki vijiko viwili vya chai, kwa tairi zote nne. Sasa weka upepo wa sentimita za ujazo 3 ndani ya kalipa. Mafuta hayabonyei kwa kiasi cha kuhisi mguuni, ila upepo ukikandamizwa kwa presha mara 50 ya hewa ya kawaida unabaki moja ya hamsini. Yani zile 3 karibu zote zimepotea, theluthi ya safari ya mguu imekwenda kubonyeza upepo kabla pedi haijaishika diski kwa nguvu. Ukipampu haraka unawahi kusukuma mafuta mengine kabla pistoni hazijarudi, ndo pedeli inapanda. Ukiacha, inarudi. Kila tulichokiona asubuhi kilikuwa kinasema hivi.

Upepo wa Mombo na upepo wa Makorora ni viumbe viwili tofauti. Ule wa Mombo ni waja leo waondoka leo, mvuke, ukipoa umekwenda. Huu ulihamia na familia.

Marekebisho yana njia mbili. Ya haraka, unafungua bolti za kalipa, unaitoa kwenye diski bila kufungua hozi, unachomeka kipande cha mbao katikati ya pedi ili pistoni isiruke nje, unaigeuza nipo itazame juu, unatoa upepo, unarudisha. Pedeli itakuwa ngumu. Ila kalipa inabaki imepinduka, hozi imejikunja, na siku nyingine mtu atatoa upepo kwa kawaida arudi kwenye shida hiihii. Mimi nilikataa. Tulifungua zote mbili tukabadilishana pande. Ile bolti ya hozi yenye tundu katikati ina washa mbili za shaba, moja huku moja huku, hizo ni za kutumia mara moja, ukizirudisha za zamani zitavuja. Dogo alitumwa na bodaboda duka la spea Ngamiani, akarudi na washa nne na chupa mbili za mafuta. Kalipa haziachwi zikaning'inia kwa hozi, nilizifunga kwa waya kwenye springi. Hozi zilipokaa upande wake zikanyooka zenyewe bila kulazimishwa.

Shemeji kwa haraka zake akamwaga mafuta kidogo kwenye bodi juu ya tairi na akawa anataka kufuta na kitambaa kikavu. Maji, shemeji, maji! Mafuta ya breki yanakula rangi, yanayeyuka kwenye maji, unamwagia maji mengi palepale. Na yale machafu tuliyotoa yaliingia kwenye chupa yenye kifuniko nikaandika SUMU kwa maka peni, maana yana rangi ya juisi ya ukwaju na uani kuna watoto.

Halafu tukatoa upepo tena, mara ya tano ya gari ile ukiacha ile ya mbele tu. Nilianza nyuma kushoto nikazunguka zote kwa sababu nilikuwa nimefungua mfumo. Kufika mbele kushoto, nipo iko juu safari hii, dogo "nimeshika mjomba", nikafungua, ukatoka upepo unakohoa kama bomba la maji siku maji yanaporudi. Pwa, pwa, pwa, povu limejaa mpira mzima. Bamdogo akasogea na kiti chake karibu aone vizuri. Kanyaga kumi na kitu mpaka povu likaisha, nikagonga gonga kalipa na mpini wa nyundo, vikatoka vitone viwili vya mwisho. Kulia hivyohivyo.

Pedeli ikasimama juu, ngumu, kanyaga moja. Tukawasha gari na mguu ukiwa juu ya pedeli, ikashuka kidogo kisha ikatulia, hiyo ni busta (inayousaidia mguu nguvu injini ikiwaka) inafanya kazi, ni sawa. Tukakaza mguu dakika moja, nikazunguka na tochi kwenye kila nipo na kila bolti ya hozi, pakavu. Kikopo nikajaza mpaka mstari wa juu sio kupita. Kwenye uani tukaisogeza mbele nyuma kwanza, mwendo wa mtu kutembea, ndo tukatoka. Jaribio la barabarani tulifanya kesho yake alfajiri barabara ya Raskazone hakuna mtu, mwendo wa 20, kisha 40, inasimama imenyooka haivuti upande.

Kuhusu yule fundi, shemeji alitaka kwenda kumwaibisha, nikamwambia aende amwonyeshe tu. Kazi ya mipira aliifanya vizuri, hazivuji mpaka leo. Alikosea kwa kufungua zote mbili kwa wakati mmoja bila alama. Mimi nikifungua siku hizi namaliza upande mmoja kwanza, ule mwingine nauacha mzima wa kuangalizia, au nakwaruza herufi K kwenye kalipa ya kulia. Kosa la kuangalia pale palipobaki sawa na kusema ni sahihi hilo ni langu mimi, na nililifanya nikiwa na jirani mwenye gari ileile mita ishirini kutoka nilipo.

Muda mwingine wowote pedeli yako ikiwa laini baada ya mtu kugusa kalipa, kabla hujafungua hata chupa moja ya mafuta inama uangalie nipo iko wapi. Inachukua nusu dakika. Kama iko juu, endelea na vipimo vingine nilivyosema, dakika moja ya kukaza mguu, hendibreki, na klempu kama hozi zako zinaruhusu. Kama mbele na nyuma ni dramu kwenye gari za zamani sana au ina ABS hadithi inabadilika, baadhi ya ABS zinataka mashine ya kufungua valvu zake ndo upepo wa mule utoke, hiyo sio kazi ya uani.

Nipo ya nyuma kushoto bado inanisumbua. Kichwa kimeviringika na safari ijayo hakitakubali, nimeshanunua mpya, shemeji anasema ataleta gari wiki hii. Nimemwambia safari hii mafuta ya breki yawe DOT 4 na abadilishe kila miaka miwili. Bamdogo nae kauliza lini, anataka kuja kuangalia.